Barafu ya Mechi Thelathini

Agosti, mikorosho ikianza kuchanua,
katibu aliingia uani kwangu, kalamu sikioni:
Da Somoe, timu imepanda Ligi Kuu.
Tunataka barafu. Mechi thelathini.
Malipo mwisho wa mwezi.
Hakutaja mwezi gani.

Mimi nagandisha za watoto, ubuyu na ukwaju,
shilingi mia mia, hapa Chikongola.
Siku ile friji nikaligawa:
juu ubuyu,
chini maji matupu
ya vifundo vya miguu ya wanaume.

Mechi ya kwanza tulishinda, moja bila.
Chilumba alifunga kwa goti, wala hakukusudia,
wakambeba barabara nzima kama bwana harusi.
Usiku nikalifunga lile goti
kwa kanga yangu na barafu kilo mbili.
Da Somoe, akasema, goti hili lina bahati.
Nikambonyeza. Lina maji, nikamwambia.

Oktoba, mnada wa kwanza, korosho zikapata bei.
Jukwaa lilijaa mpaka ukutani.
Wanaume waliokuwa wakichungulia kwenye tundu la ukuta
wakalipa kiingilio na kudai chenji kwa sauti.
Mwenyekiti akaahidi basi.
Tukaonyeshwa picha ya basi.

Kisha safari. Bukoba,
siku mbili na usiku wake,
miguu ya huyu kwenye mapaja ya yule.
Sikwenda, barafu haisafiri.
Nilisikiliza redioni, nikipepeta mchele:
jina la Nandonde lilitajwa mara moja tu,
alipotolewa kwa kadi nyekundu.

Nne bila. Tatu moja. Sare. Sare.
Sare nyingine tuliyoishangilia kama ubingwa.
Nikajifunza kusoma msimamo wa ligi
kuanzia chini kwenda juu,
kama anayetafuta jina lake
kwenye orodha ya wadaiwa.

Machi mvua iligeuza goli la kaskazini kuwa jaruba.
Mishahara ilikuwa na miezi mitatu haijaonekana.
Kipa Likwata alibisha hodi saa nne usiku,
nikadhani kidole tena, nikashika kitambaa.
Hapana. Alitaka za ubuyu, kwa mkopo,
mwanawe ana homa na hali kitu.
Nilimpa tano.
Kwenye daftari, ukurasa wa klabu, nikaandika:
kipa, ubuyu, 5.
Katibu mpaka leo anauliza ni jeraha gani hilo.

Mechi ya thelathini tulihitaji sare tu.
Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi.
Gesi inachimbwa kwetu, watu husema,
nami sijui ya gesi, najua ya friji:
maji yangu yalibaki maji.
Nikayatia mtungini, nikaufunika kwa gunia bichi,
nikaubeba kichwani hadi uwanjani.

Dakika ya themanini na tatu, bila kwa bila,
Chilumba aliruka kuokoa kona
akashuka juu ya lile goti.
Nilifika na mtungi kabla ya machela.
Barafu? akauliza, macho kayafumba.
Maji, nikasema.
Akacheka, wallahi alicheka,
huku mpira umesharudi ndani ya boksi
na mahali pake hapana mtu.

Sikuliona goli. Nilikuwa naloanisha kitambaa.
Nilisikia tu uwanja mzima
ukinyamaza kwa pamoja,
na mlangoni muuza karanga akiendelea kuita, karanga, karanga,
maana yeye alikuwa amegeuka upande ule.

Sasa ni Juni. Salfa imetanda mashambani,
nguo kwenye kamba zinanuka manjano.
Jezi kumi na nane bado ziko kwangu, nimezizuia,
katibu na alete pesa.
Jana alipita Chilumba, bomba la kupulizia mgongoni,
anachechemea, nyusi zimejaa unga.
Alitoa mia, akachukua ya ukwaju.
Hakuila kwanza.
Aliketi kizingitini, akakunja suruali,
akaiweka gotini, akatulia
mpaka ilipoanza kuchuruzika,
ndipo akaing'ata.